Wimbo Mmoja, Kila Usiku Mwingine

Mjomba wangu alipiga besi hapa Tanga miaka ya 70, enzi Jamhuri Jazz na Atomic Jazz wakigombea mashabiki wa mji mmoja. Juzi nilikuwa barazani kwake Ngamiani, nikamwekea kwenye simu "Dark Star" ya Grateful Dead, bendi ya California. Nilianza na santuri yao ya 1968, haifiki hata dakika 3.

"Mbona wamekata?"

Nikamwekea ya Februari 1969, ukumbi wa Fillmore West. Dakika 23. Kahawa ikampoa mkononi.

Mimi nina msimamo wangu: bendi ile ilinoga kuliko wakati wote kati ya 1972 na 1974. Wengi watakutajia gitaa la Jerry Garcia. Sawa, lakini sikiliza dramu. Mwaka 1969 wapiga dramu walikuwa wawili, muziki ukija kama wimbi la kusi. Mwaka 1971 Mickey Hart akaondoka, akabaki Bill Kreutzmann peke yake, na kabla mwaka haujaisha akaingia Keith Godchaux na piano yake. Dramu ikiwa na mtu mmoja, anakata kona ghafla bila kumsubiri mwenzake. Kwenye rekodi za 1972 kuna mahali mdundo unayeyuka kabisa, besi na piano zinabaki kunong'onezana, halafu dramu inaingia kwa mlango wa uani. Hart aliporudi walipiga safi, barabara ya lami tupu, ila kona zikapungua. "Dark Star" yenyewe ikawa ya kuotea, miaka inapita hawajaigusa.

Mjomba hakukubali. "Achana na dramu. Huyu wa besi hapigi, anaimba." Ana haki: Phil Lesh alitokea kwenye tarumbeta, besi akajifunzia humo humo bendini.

Kinachoniuma ni kwamba ubishi huu unawezekana kwa sababu mashabiki wao walirekodi maonyesho na bendi ikawaachia; 1984 wakatengewa hadi sehemu yao ukumbini. Sisi tumebakiwa na santuri ndogo, wimbo umegawanywa pande mbili, sebene likianza kukolea unageuza sahani. Usiku wa dansi sebene lilikwenda mpaka mashati yalowe, na mpiga solo hakurudia kesho alichopiga leo. Hayo nani aliyarekodi?

Nikamwomba mjomba anionyeshe walivyokuwa wakipiga wimbo wao mmoja. Akagonga vidole gotini.

"Mwaka wa kwanza hivi. Alipokuja kijana mpya wa dramu, ikawa hivi." Akaruka mapigo mawili. "Yule hakuwa akijaza, alikuwa anakuachia nafasi. Halafu tukaja kubadilisha tena, ikawa..." Vidole vikasimama hewani. "Hiyo ya tatu imenitoka. Hebu iweke tena ile ndefu."