Mgeni Niliyemwosha Miguu

Siku padri wetu hapa Masasi alipotangaza kuwa mwinjilisti wa semina anahitaji pa kulala, alikuwa ametoka kusoma Waebrania 13:2, ile ya wengine kuwakaribisha malaika pasipo kujua. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Mama watoto akaninong'oneza, "Kuku yupi?" Jogoo tulikuwa naye mmoja.

Alhamisi jioni, hodi. Shati jeupe la mikono mirefu, mkoba mweusi kwapani.

"Karibu, mtumishi!"

"Mzee, mimi nimetumwa..."

"Tunajua umetumwa! Kaa kwanza."

Kanisani tunaoshana miguu Alhamisi Kuu tu, lakini nikajiuliza, mpaka Pasaka kwa nini? Nikaleta beseni, maji ya vuguvugu na kipande cha sabuni. Akavuta mguu, nami nikavuta. Soksi ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia, chekundu kwa vumbi. Nikakisugua mpaka kikang'aa.

Kila akifungua mdomo, "Mzee, kilichonileta...", namwambia mambo ya kazi baada ya kula. Firigisi, ambayo tangu nioe haijawahi kutoka kwenye sahani yangu, nikamwekea yeye. Nikamwomba abariki chakula.

"Mungu, wabariki waliopika. Na wenye madeni uwakumbushe."

Nikaitika Amina kuliko wote. Nilijua anatuletea ile ya "utusamehe deni zetu" kwa namna yake.

Jogoo amebaki shingo na miguu, bodaboda ikasimama uani. Akashuka mtu na Biblia. "Bwana Yesu asifiwe! Samahani, basi lilipata pancha."

Nikamgeukia mgeni wangu. Alikuwa anajilamba vidole. Akavifuta taratibu, akafungua mkoba, akatoa daftari.

"Mifuko 3 ya salfa, mzee. Ulipochukua kwa ajili ya mikorosho ulisema utalipa baada ya mnada wa korosho. Na simu hupokei."

Hela za mnada zilikuwa zimeingia wiki 3 nyuma. Zilikuwa juu ya vichwa vyetu, bati mpya kabisa. Akainua macho. Tukainua wote, hata mwinjilisti.

Mtumishi wa kweli alikula shingo, mchuzi na ming'oko, vile viazi vya porini, waliyoachiwa watoto. Hakulalamika, akaomba chumvi tu.

Jumamosi mwenye duka la salfa akapiga, nikapokea kwa aibu.

"Kijana wangu kanisimulia. Kesho nakuja mwenyewe."

Akanyamaza kidogo.

"Hivi hayo maji huwa mnayapasha moto?"