Las chicas del cable: mapenzi yameibeba historia au yameimeza?

Kila ikitajwa hii sirizi ya Kihispania watu wanagawanyika, kuna wanaosema ni mapenzi matupu yaliyovalishwa nguo za zamani, na kuna wanaosema bila hayo mapenzi nani angekaa aangalie habari za wanawake wa Madrid miaka ya 1920. Mimi nimeiangalia mpaka mwisho na naona wote wana hoja, ila hazina uzito sawa. Nitataja inavyoisha, kwa hiyo kama bado hujaimaliza ishia hapa.

Kwa asiyeijua, ilianza Netflix Aprili 2017, sirizi ya kwanza ya Netflix kutengenezwa Hispania, ikaisha Julai 2020. Stori inaanza 1928, wadada wanne wanafanya kazi ya kuunganisha simu kwenye kampuni kubwa ya simu Madrid. Lidia kaingia kwa jina la uongo, Carlota ana baba mwanajeshi anayemwendesha kama kuruta, Marga katoka kijijini muoga wa kila kitu, Ángeles ni mke wa mtu na ana mtoto.

Wanaolalamika wanamnyooshea kidole Lidia, maana misimu inapita yeye bado yuko katikati ya wanaume wawili, Carlos na Francisco, leo huyu kesho yule, na kusema ukweli hapo inachosha. Msimu wa nne ndio uliniuma zaidi. Tuko 1931, jamhuri imeingia, Carlota anagombea umeya, na mwaka huohuo tarehe 1 Oktoba bunge la Hispania lilipitisha wanawake wapige kura, 161 kwa 121, Clara Campoamor akipigania na mbunge mwanamke mwenzake Victoria Kent akipinga kwa kuhofia wanawake watapiga kura anavyotaka padri. Jamani drama gani inazidi hiyo? Wao wanatupeleka kwenye kesi ya mauaji. Na ile miziki ya kisasa ya Kiingereza juu ya magauni ya 1928, wengine wanaipenda, mimi ilikuwa inanitoa Madrid kila mara.

Ila sasa muangalie Ángeles. Mumewe Mario yuko kampuni hiyohiyo, anamsaliti, anampiga, anataka aache kazi akae nyumbani, na kila akiwaza kuondoka na binti yake Sofía anakuta sheria imesimama na mume. Talaka Hispania ilikuja 1932. Kwa hiyo 1928 mwanamke kama yeye hakuwa na mlango wa kutokea, na ukishalijua hilo unaelewa kwa nini wale wenzake wanafika mpaka kuficha maiti ya Mario. Hapa huwezi kusema mapenzi yamefunika historia, maana historia yenyewe ilikuwa chumbani, nani anaruhusiwa kufanya kazi, mtoto ni wa nani, unaondokaje kwa mtu anayekupiga. Wanaosema wangetoa mambo ya ndoa waweke siasa tu, mimi siwaelewi, hiyo ndiyo siasa iliyomfikia mwanamke wa kawaida kila siku.

Kwa hiyo lawama yangu siyo mapenzi, ni mapenzi ya nani yamepewa muda. Ángeles na Marga walistahili dakika nyingi walizopewa Carlos na Francisco.

Halafu ule mwisho. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Hispania imeisha 1939, Jenerali Franco, dikteta, kashinda, Lidia kafungwa kwenye gereza la wanawake la kurekebishwa tabia linaloendeshwa na mama yake Carlos, na yeye na wenzake wanabaki nyuma wauawe ili wengine watoroke. Wengi walikasirika kwamba baada ya misimu yote ile Lidia hakupewa maisha na Francisco. Mimi naona waandishi walifanya haki kabisa. Franco alifuta ile talaka, haikurudi mpaka 1981, na mke aliendelea kuhitaji ruhusa ya mume kufanya kazi au kufungua akaunti benki mpaka 1975. Kumpa Lidia harusi na nyumba nzuri ndani ya nchi hiyo ndiyo ungekuwa uongo mkubwa kuliko yote.