Tulivyomwachia wifi

Jana nilicheka peke yangu ukumbini, watu wakanigeukia. Hapa Göteborg, Sweden, mtu hachekei msiba, hata ukiwa wa kwenye filamu.

Filamu yenyewe ni Tokyo Story ya Mjapani Yasujirō Ozu, ya mwaka 1953, haina hata rangi. Mzee na bibi yake wanatoka mji mdogo wa Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao. Watoto wana shughuli. Wanachanga hela, wanawapeleka hoteli ya pwani huko Atami wakapumzike, na usiku kucha kelele za wageni haziwapi usingizi. Wanarudi kwao, bibi anaugua, anafariki. Bado wako kwenye chakula cha msiba, binti mwenye saluni anataja nguo za mama anazozitaka. Hapo ndipo nilipocheka. Nani kwetu hajaona khanga za marehemu zikigombaniwa hata arobaini haijafika?

Lakini aliyenikaa moyoni si wa saluni. Ni Noriko, mkamwana. Mumewe alikufa vitani, hana mtoto, anaishi chumba cha kupanga. Wakwe wanapomtembelea anagonga kwa jirani kuazima pombe amkaribishe baba mkwe. Usiku mwingine anamkanda mama mkwe mabega. Mwishowe mzee mwenyewe anakiri kwamba huyu asiye wa damu amewafaa kuliko watoto waliowazaa wenyewe. Filamu zetu za Bongo, mama mkwe akishuka tu kwenye basi na mkoba wake, tayari unajua humo ndani kuna hirizi!

Sasa mimi kazi yangu hapa ni kuhudumia wazee majumbani. Naogesha, navisha, napasha chakula, naandika kwenye simu ya kazi, naenda nyumba ya pili. Nina glavu, nina likizo, na tarehe 25 mshahara umeingia. Mama yangu yuko Tanga, Ngamiani. Tangu apooze upande mmoja, anaogeshwa na wifi yangu, mke wa kaka. Glavu nilimpelekea pakiti mbili nilipoenda likizo. Ziliisha zamani.

Najua mtakachosema. Umeshaanza, miaka sita tu ya kula viazi vya Wazungu unatufundisha undugu kwa sinema ya Wajapani. Si haohao Wazungu wanaotupa wazazi wao?

Haya, nisikilizeni. Kuna babu ninayemwogesha Jumanne. Binti yake huja Jumapili na keki, na tukikutana huniuliza mgongo wangu unaendeleaje. Sisi kwenye grupu la familia tuko kumi na mmoja. Pampasi za mama zikiisha, tunabishana siku tatu nani hajatoa mchango, na anayeulizwa "mbona mama amekonda" ni wifi. Hakuna aliyewahi kumuuliza mgongo wake, na mimi nimo, msinitoe. Natuma hela, basi, kama wale wa Atami.

Wala sijasema huku ni peponi. Yule babu kuna siku sauti pekee anayoisikia ni yangu, na Kiswidi changu ndicho hiki. Mama analala chumbani kwake, anaisikia adhana ya msikiti wake, jirani akipiga hodi keshafika uani. Kwa hilo naringa, na nitaendelea kuringa mbele ya yeyote hapa kazini. Ila ringo hilo limebebwa na mgongo wa mtu mmoja, na mtu huyo hata kwenye grupu hatukumuunga. Eti si mtoto wa nyumba.

Nilipotoka ukumbini nikampigia. Kama kawaida akasema, "Subiri nimpe mama." Nikamwambia, leo nimekupigia wewe.

Akanyamaza. Kisha kwa sauti ya chini, "Wifi, nani kafa?"