Vidonda vya tumbo: tuulaumu ukoo au kisima?

"Kwetu vidonda vya tumbo ni vya ukoo." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi kwenye mabenchi ya maabara, na anayeyasema huwa amekwisha kukata tamaa. Baba alikuwa navyo, shangazi anavyo, sasa ni zamu yake. Utafiti wa jeni (chembe za urithi) za kinga ya mwili unampa hoja, lakini naona anaishika hoja hiyo kwa upande usio wake.

Vidonda vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Barry Marshall na Robin Warren walimgundua mjini Perth, Australia, mwaka 1982, na kazi hiyo ikawapa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Mara nyingi huingia utotoni, na asipotibiwa hukaa tumboni maisha yote. Karibu nusu ya watu duniani wamekuwa wakiishi naye, wengi bila dalili yoyote.

Wanaotetea jeni wana ushahidi wa kweli. Mwaka 1994 watafiti walichunguza pacha wa Sweden. Kwa pacha wa kufanana, yaani wenye jeni zilezile, mmoja akiwa na bakteria huyu mwenzake pia alikuwa naye kwa asilimia 81. Kwa wasiofanana ilikuwa asilimia 63. Tofauti hiyo ilibaki hata kwa pacha waliolelewa nyumba mbalimbali. Kisha mwaka 2013 ukatoka uchunguzi wa watu karibu 11,000 wa Ujerumani na Uholanzi, ukahusisha maambukizi haya na sehemu ya urithi yenye jeni iitwayo TLR1. Jeni hii hutengeneza protini inayokaa juu ya seli za kinga kama mlinzi wa getini na kumtambua bakteria kwa mafuta yaliyo kwenye gamba lake.

Hapo ndipo mimi nasita. Kipimo kikuu cha uchunguzi ule kilikuwa kingamwili kwenye damu, yaani protini ambazo mwili hutoa kupambana na vijidudu. Mtu anaweza kuwa na bakteria tumboni lakini mwili wake ukatoa kingamwili chache. Na jeni ya pili waliyoitaja, FCGR2A, kazi yake yenyewe ni kupokea kingamwili. Je, tumepata jeni inayomzuia mgeni asiingie, au jeni inayoamua kelele zitakazopigwa akishaingia? Hayo ni mambo mawili tofauti.

Tena tazama Japani. Wazee waliozaliwa kabla ya vita kuu ya pili, wengi wao walikuwa na bakteria huyu. Watoto wa leo wenye naye ni wachache sana. Jeni za taifa hazigeuki kwa vizazi viwili. Yaliyogeuka ni maji, vyoo na idadi ya watu wanaolala chumba kimoja. Nami nikimwona bibi anatafuna kipande cha muhogo, anakilainisha vizuri, kisha anamtia mjukuu mdomoni kwa kidole, naelewa kwa nini ugonjwa huu unafuata ukoo. Ni upendo mtupu ule, na mate yale huenda yakambeba bakteria.

Mahali ambapo jeni zina uzito mkubwa, kwa maoni yangu, ni baada ya maambukizi. Mwaka 2000 mtafiti Emad El-Omar na wenzake walionyesha kwamba aina fulani za jeni za interleukini-1, protini ya kinga ya mwili, huongeza hatari ya saratani ya tumbo kwa walioambukizwa. Protini hii huchochea uvimbe wa kinga (si uvimbe wa saratani) na wakati huohuo hupunguza asidi ya tumbo. Asidi ikipungua, bakteria hupata nafasi ya kuenea tumbo zima, na kuta zake huchakaa taratibu kwa miaka mingi. Kinga iliyo kali kupita kiasi ndiyo inayoumiza.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka Kolombia. Watu wa Tumaco, pwani, na wa Túquerres, milimani, karibu wote wana bakteria huyu, lakini saratani ya tumbo milimani ni takriban mara 25 ya ile ya pwani. Mwaka 2014 watafiti walilinganisha asili ya watu na asili ya bakteria wao. Pwani, wenyeji wengi wana asili ya Afrika, na bakteria wao pia wana asili hiyo kwa kiasi kikubwa. Wamezoeana kwa maelfu ya miaka. Milimani, watu wengi wana asili ya wenyeji wa kale wa Amerika, na bakteria mwenye asili ya Afrika akiwa ndani yao madhara huwa makubwa zaidi. Jeni za mtu pekee hazikutosha kueleza hayo, wala za bakteria pekee.

Basi anayesema vidonda ni vya ukoo asirudi nyumbani kungoja zamu yake. Kipimo cha choo au cha pumzi kinaonyesha kama bakteria yupo sasa hivi, jambo ambalo kipimo cha damu hakiwezi, kwa kuwa kingamwili hubaki hata baada ya kupona. Akikutwa naye, anatibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Na kama mzazi au ndugu wa tumbo moja aliugua saratani ya tumbo, apime hata kama tumbo halijawahi kumuuma.