Chakula ya Meja: bei ya kwa simu na bei ya kwa geti

Wacha nianze na ile siku mtu wa boda alikuja na mzigo kwa kidole. Kama umewahi kununua chakula ya mbwa onlaini unajua kilo 15 ni kitu ya kubebwa kwa bega, boda anafika akihema, anaweka chini kwa kishindo, anaomba maji. Huyu alishuka akiongea na simu, mkono wa pili ameninginiza kamfuko kwa kidole kimoja hivi kama mtu ametoka kununua mandazi, akaniambia "madam, mzigo wako ndio huu." Nikamwambia hapana, wangu ni wa kilo 15. Akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaangalia karatasi tena. "Hapa wameandika moja nukta tano."

Kumbe picha kwa apu ilikuwa ya mfuko mkubwa, jina la bidhaa limeandikwa refu mpaka skrini ikalikata, na hiyo nukta imejificha huko mwisho, sasa ni nani ataiona saa tano usiku akiwa amelala kwa kitanda anasukuma simu na kidole gumba. Bei ilikuwa 1,900, na ndio, ningejiuliza, lakini ilikuwa Novemba na si mnajua venye ofa za Novemba hufanya mtu mzima akose akili. Na nilikuwa nimelipa tayari. Meja alimaliza hiyo kitu siku nne.

Meja ni mbwa wangu, kilo 33, nusu German Shepherd, nusu mbwa wa Utawala tu. Na tunaishi Utawala ile ya ndani, ukishuka steji ya Benedicta bado hujafika. Kwa ramani tuko Nairobi, kwa watu wa dilivari tuko nchi jirani. Nasema hii mapema kwa sababu ukiwa unaishi Kilimani sehemu kubwa ya malalamiko yangu haikuhusu, wewe unaletewa bure na bado unapewa kalenda.

Zamani tulikuwa tunampikia. Ugali wa ule unga wa mbwa, omena, siku ya bahati mabaki ya bucha. Sina ubaya na hiyo chakula, mbwa wengi Kenya wamezeeka nayo, lakini ilikuwa inamaliza gesi na mimi narudi kazini saa mbili usiku kusonga ugali ya mtu ambaye hata hajui kusema asante. Ndio tukahamia ya kavu. Mami aliposikia bei kutoka ushago alinyamaza kidogo kwa simu halafu akauliza, "Mwanangu, huyo mbwa yeye analipa nini hapo kwako?"

Basi. Nimenunua chakula ya Meja kwa mtandao miaka mitatu sasa, kwa zile soko kubwa za onlaini, kwa apu za supamaketi, kwa agroveti na maduka ya wanyama yanayouza kwa WhatsApp na Instagram, na kitu kimoja nimejifunza kwa uchungu ni kwamba bei unayoonyeshwa kwa simu haina maana yoyote mpaka uifanyie hesabu mbili.

Hesabu ya kwanza ni bei ya kilo, ikiwa imefika kwa geti. Soko kubwa watakuwekea mfuko kwa 6,000 na mwenye agroveti atakwambia 6,500, unakimbilia 6,000, halafu ukifika pale mwisho kabla ya kulipa inatokea pesa ya usafiri na kwa sababu ni mzigo mzito haiko ile soo mbili umezoea ya kuletewa kava ya simu. Ama wanakwambia usafiri ni rahisi ukienda kuchukua mwenyewe kwa stesheni yao. Sasa niambie, mimi sina gari, nichukue kilo 20 huko stesheni nizibebe kwa matatu? Kondakta ananilipisha mzigo kiti kizima, na nikishuka bado nachukua boda. Hiyo sasa ni dilivari ama ni mazoezi.

Hesabu ya pili ndio watu hawafanyi kabisa, na ndio ilinifungua macho. Bei ya siku. Chakula zote hazishibishi sawa, iko ile imejazwa nguvu na iko ile imejazwa mahindi, na nyuma ya mfuko kuna jedwali inakwambia mbwa wa kilo fulani apewe gramu ngapi. Nilikuwa na mbili nazilinganisha. Moja ya nje, kilo 15 kwa 7,200, inaletwa bure. Nyingine ya rahisi, kilo 20 kwa 6,000, usafiri 450. Ukiangalia kwa haraka ya pili inashinda mbali sana, shilingi 300 kwa kilo dhidi ya 480. Lakini ya kwanza Meja anakula gramu 400 kwa siku, mfuko unaenda siku 37 hivi. Ya pili inataka gramu 600, siku 33 imeisha. Piga na usafiri wake uone: ya ghali inanigharimu kama 192 kwa siku, ya rahisi kama 194. Nilirudia hiyo hesabu mara tatu nikidhani simu imeharibika. Na hapo sijataja kile kinachotoka upande ule mwingine wa mbwa, maana anayekula gramu 600 za mahindi anakupa kazi ya kuokota kwa uwanja mara mbili zaidi, wenye mbwa wananielewa.

Sisemi ya nje ndio nzuri kila saa. Tena bei yake inafuata dola, na inafuata upande mmoja tu. Dola ilipofika karibu 160 mwanzo wa 2024 mfuko wangu ulipanda, dola ikarudi 129 na mfuko ukakaa huko juu kama paka kwa mti. Ninachosema ni usome jedwali ya nyuma kabla ya kusoma bei ya mbele. Na hapo hapo nyuma uangalie protini. Kipimo cha AAFCO, wale wa Marekani ambao kampuni nyingi hufuata, ni asilimia 18 kwenda juu kwa mbwa mzima na 22.5 kwa mtoto, hiyo ni ukitoa maji. Uangalie pia kama imeandikwa ni chakula kamili ama ni ya kuongezea tu, kwa sababu ya kuongezea ikiwa ndio chakula peke yake mwaka mzima, mbwa atakuonyesha kwa manyoya.

Shida ni kwamba kwa onlaini hiyo nyuma ya mfuko huioni! Wanakupigia picha ya mbele, kale kambwa kanatabasamu, basi. Kwa soko kubwa nimeuliza muuzaji anipigie picha ya nyuma na tarehe ya kuisha nikajibiwa baada ya siku tatu "bidhaa ni orijino". Apu za supamaketi hazina hata mtu wa kuuliza, ingawa hao nawasifu kwa kitu moja, wanaleta siku hiyo hiyo. Ila siku moja nimeoda, kijana wa kukusanya ananipigia, "madam hiyo ya mbwa imeisha, nikuwekee ya paka?" Nikamwambia kaka, Meja hata akisikia hiyo swali atalia.

Watu wa WhatsApp ndio wanajibu. Kwanza lazima uvumilie ile tabia ya Instagram ya "bei ni inboksi dia", sijui kwani bei ni siri ya serikali. Katiba kifungu cha 46 inasema mnunuzi ana haki ya kupewa habari za bidhaa, lakini sisi tunapewa "inboksi dia". Ukishavuka hapo sasa unaongea na binadamu, unamwambia nipigie picha ya tarehe, anaenda kwa stoo anakupigia, kidole chake kikiwa ndani ya picha, na hiyo kidole inanipa imani kuliko nyota tano za watu sijui.

Halafu kuna kupimiwa. Hapa nataka nikae kidogo. Utapata muuzaji anafungua mfuko mkubwa, anapima kilo moja moja ama tano tano kwa karatasi nyeupe ya plastiki, anafunga fundo, anakuuzia rahisi. Naelewa kabisa ni kwa nini watu wananunua, si kila mtu ana elfu saba siku moja, na mimi nilinunua hivyo karibu mwaka mzima. Lakini hiyo karatasi haina tarehe, haina jina, haina chochote, na hujui mfuko wenyewe ulifunguliwa lini. Mafuta ya hii chakula ikishapigwa na hewa yanaanza kuharibika, ndio unaambiwa mfuko ukifunguliwa uishe kwa wiki kama sita hivi na ukae kwa mfuko wake umekunjwa mdomo, ndani ya ndoo yenye kifuniko. Kuna moja niliyoletewa, nilipofungua fundo ilinigonga na harufu kama ya mafuta ya chipsi ya jana. Meja alinusa, akaniangalia, akaenda kulala. Mbwa anayekula soksi.

Na kuna ile kubwa zaidi, ukungu. Hii nchi tunaijua aflatoksini, ile sumu ya ukungu, 2004 watu 125 walikufa, wengi huku Ukambani, Makueni na Kitui zikiumia zaidi, kwa mahindi iliyowekwa na unyevu. Sasa chakula ya mbwa ya rahisi ni mahindi kwa sehemu kubwa, na ini ya mbwa haiwezani na hiyo sumu kabisa. Hata Marekani na maabara zao zote, mwisho wa 2020 kuna chakula iliondolewa madukani ikarudishwa kwa kampuni baada ya mbwa wengi kufa na hiyo hiyo aflatoksini. Waliweza kuirudisha kwa sababu mifuko ilikuwa na namba. Karatasi nyeupe ya fundo utairudisha aje?

Sasa nikwambie kile hasa kimenifanya niandike. Kwa muda mrefu nilikuwa mtu wa kufukuza ofa. Mwezi huu soko kubwa wamepunguza aina hii, mwezi ujao supamaketi wamepunguza aina ile, nikajiona mjanja sana, nikaweka hadi karatasi ya hesabu kwa simu. Na kila mwezi Meja anaendesha, yaani anahara. Nikampeleka kwa veti nikidhani ni minyoo, tukampa dawa ya minyoo, ikarudi. Veti akaniuliza swali moja tu, anakula nini. Nikaanza kutaja, mwezi wa tatu hii, mwezi wa nne ile, akacheka akaweka kalamu chini. Akaniambia tumbo ya mbwa haitaki mageni ya ghafla, ukibadilisha unachanganya kidogo kidogo kwa karibu wiki nzima, ya zamani ikipungua mpya ikiongezeka. Lakini ofa unaichukua ile ya zamani ikiwa imeisha, si ndio? Unachanganya na nini?

Hiyo ziara ya veti na dawa ilikula ofa zangu zote za miezi mitano, na kapeti juu.

Kwa hivyo siku hizi nikilinganisha maduka siulizi nani ana bei ya chini leo. Nauliza nani atakuwa nayo hii hii mwezi ujao. Na ukiuliza hivyo orodha inageuka kabisa, kwa sababu soko kubwa leo muuzaji yuko kesho hayuko, supamaketi wanaleta ile kampuni imewapa, na hata hizi biashara za mtandao zenyewe hapa kwetu zinakuja na kwenda. Jumia Food walifunga mwisho wa 2023, Copia ikaishiwa pesa ikaingia kwa mikono ya wasimamizi 2024. Wamarekani wana duka linaitwa Chewy, lilianza 2011, unaweka oda mara moja inajirudia yenyewe kila mwezi, hiyo ndio naonea wivu. Sio bei zao.

Ya kwangu nimejitengenezea. Kuna mama wa agroveti, duka lake ni dogo tu, onlaini yake ni WhatsApp na namba ya tili, haina apu haina nini. Tulikubaliana kila tarehe tatu ananitumia mfuko mmoja wa kilo 15, picha ya tarehe kwanza, nalipa boda akiwa kwa geti na nimeona mfuko umefungwa. Sio wa bei ya chini, bei yake inazidi zile ofa na kama mia tatu hivi, na hajawahi kunipunguzia hata shilingi, nikiuliza ananijibu "dia bei ni hiyo tu, nikipunguza nitafunga." Sijamuuliza tena. Meja hajaendesha tangu Februari, na ule mlio wa pikipiki ya yule boda anaujua, wengine wote anawabwekea.

Mwezi uliopita nilimwambia huyo mama wa agroveti aniwekee mifuko miwili kwa sababu nasafiri Desemba. Leo ni tarehe nne. Nimemwandikia asubuhi, tiki mbili za buluu, hajajibu, ndoo iko na kama kilo mbili. Nitampigia jioni. Kama kuna mtu ako Utawala na ana mfuko wa kuniazima, niko inboksi dia.