Bao nililolikataa mwenyewe

Mwezi uliopita timu yangu ilicheza mechi nne. Ni timu ya daraja la chini kabisa, ile ambayo mchezaji akipaisha mpira anaufuata mwenyewe vichakani, na sisi mashabiki tunatambuana hata kwa vikohozi.

Ya kwanza tulikula nne bila, tuiache hivyo hivyo. Ya pili tukatoka suluhu, tukashangilia kama tumebeba kombe. Kipa wetu alikuwa hajazoea kumaliza dakika 90 bila kuokota mpira nyavuni, kwa hiyo filimbi ya mwisho ilipolia alibaki golini akisubiri.

Ya tatu ndiyo iliyonipa jina.

Refa alifika, wasaidizi wake hawakufika. Kwenye ligi zetu hizi likitokea hilo, kila timu inatoa mtu wa kushika kibendera. Kocha akageuka kututazama. Tulikuwa mashabiki kumi na wawili. Kumi na mmoja wakainama kuangalia viatu vyao, mimi nikachelewa kuinama.

"Mwanangu, si wewe kila siku unasema washika kibendera ni vipofu? Haya, njoo uwaonyeshe."

Refa akanipa mafunzo ya nusu dakika: kaa sambamba na mchezaji wa pili kutoka mwisho wa timu inayolinda goli, ukimhesabu na kipa; mtu akiotea, yaani akiwa amempita huyo pasi inapopigwa, inua kibendera utulie. Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Jamani, kazi ile ngumu. Unatakiwa uone mguu wa anayepiga pasi huku, na bega la anayekimbia kule, kwa sekunde hiyo hiyo moja, na mimi macho yangu yote mawili yanatazama upande mmoja. Kipindi cha kwanza nilikimbia ubavu ubavu kama kaa. Kuna mara niliinua kibendera kwenye mpira wa kurusha, refa akanipitia akanong'ona, "Kurusha hakuna kuotea, kaka." Nikajifanya najinyoosha mgongo.

Dakika ya 83, tuko nyuma bao moja. Kiungo wetu akapenyeza pasi katikati ya mabeki wawili. Namba tisa wetu, ambaye mwezi mzima alikuwa akilenga ndege, akaipokea, akampiga chenga kipa mpaka kipa akakaa, akautelezesha nyavuni. Hakuwa ameotea. Nilikuwa sambamba kabisa, pasi inapigwa beki yuko karibu na goli kuliko yeye kwa hatua mbili nzima. Kama kuna uamuzi mmoja niliouona sawasawa siku ile, ni huo.

Nikaruka. Nikapunga mikono juu kama ninavyofanya siku zote. Shida ni kwamba siku zote mikononi huwa sina kitu.

Filimbi ikalia. Nikadhani ya bao, nikazidi kupunga. Halafu nikaona refa ananiangalia mimi, mkono wake uko juu, na wachezaji wetu wamesimama midomo wazi. Kibendera kikaanza kushuka chenyewe kwa aibu, kikaganda mbele yangu usawa wa bega. Baadaye ndiyo nikaja kuelezwa kwamba kikikaa hivyo maana yake aliyeotea yuko katikati ya uwanja. Na namba tisa alikuwa katikati ya uwanja. Yaani nilitoa ushahidi, nikaukamilisha na mchoro.

Kumbe bao likiwa halali, mshika kibendera anatakiwa tu akimbie kuelekea mstari wa kati. Hilo halikuwemo kwenye ile nusu dakika.

Nikaingia uwanjani mbio. "Refa, nilikuwa nashangilia!" Lakini kipa wao alikuwa mjanja, keshauweka mpira chini na kuubutua. Refa akanijibu huku anakimbia: mpira ukishaanzishwa, uamuzi haurudi. Rudi kwenye mstari wako.

Nikarudi. Dakika zilizobaki wachezaji wetu walinitazama mimi kuliko mpira. Kocha hakusema neno. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mechi ilipoisha moja bila, beki mmoja wa wapinzani alikuja mpaka pale nilipo, akanipa mkono. "Asante sana, kaka." Kwa heshima zote kabisa.

Mechi ya nne nahodha alinisubiri mlangoni. Akanipekua mifuko, akaninyang'anya skafu, akaniamuru nikakae nyuma ya goli la wapinzani, mbali na mistari yote. Tulifungwa tatu moja. Ile moja ilikuwa ya namba tisa, kichwa cha kona, mpira ambao hata ungetaka usingepata mtu wa kuotea. Bao letu pekee la mwezi.

Mashabiki kumi na mmoja waliruka, na kabla hawajatua wakawa wameshanigeukia. Namba tisa mwenyewe hakushangilia kwanza. Alichungulia kupitia nyavuni, akatafuta mikono yangu.

Nilikuwa nimeikalia.