Pointi za judo hazipatikani Nakuru

Majlinda Kelmendi aliposhinda dhahabu ya judo, uzito wa kilo 52, kule Rio mwaka 2016, ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kosovo. Miaka minne kabla, London, alipigana chini ya bendera ya Albania kwa sababu nchi yake ilikuwa bado haijatambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Anatoka Peja, mji mdogo kuliko Nakuru kwa mbali. Na kocha wake, Driton Kuka, hakuishia kwake: kwenye Olimpiki ya Tokyo, Distria Krasniqi na Nora Gjakova, wanafunzi wake pia, walirudi nyumbani na dhahabu mbili.

Nawataja kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba wasichana wetu hawana mwili wa judo. Wanaosema hivyo kwa sauti kubwa mara nyingi hawajawahi kushika ukosi wa dogi, yaani vazi la judo. Wanawake wana madaraja saba ya uzito, kuanzia kilo 48 hadi zaidi ya 78, kwa hiyo mwembamba wa Kisumu na mnene wa Molo wote wana pao. Soraya Haddad wa Algeria alileta shaba kutoka Beijing mwaka 2008, Mwafrika wa kwanza wa kike kupata medali ya judo ya Olimpiki. Mwili alikuwa nao.

Kinachotuangusha ni nauli. Tiketi ya Olimpiki hutafutwa kwa pointi za orodha ya ubora ya dunia. Ukishinda mashindano ya Grand Slam, kama ya Paris au Tokyo, unapata pointi 1,000. Ukiwa bingwa wa dunia, 2,000. Mashindano ya wazi ya Afrika humpa mshindi 100. Hesabu mwenyewe: anayebaki hapa barani atashinda mara ngapi ili amfikie aliyepanda ndege mara moja na kushinda? Kwa Paris 2024 walioingia moja kwa moja ni 17 bora wa kila uzito, halafu mabara yakagawiwa nafasi chache zilizobaki. Zeddy Cherotich aliiwakilisha Kenya huko, na nampa heko zake zote. Lakini mtu mmoja akipita, huo si mpango.

Ukosefu wa safari unauma hata kabla ya pointi. Judo ni kushikana. Msichana akishikana na wenzake walewale wanne kila jioni, anaijua mikono yao kama ngazi za nyumbani kwao. Siku akikutana na Mjapani anayeshika kwa kushoto, dakika nne zinaisha akiwa bado anatafuta pa kushika. Tena wanne hao wanafanyia mazoezi kwenye mikeka ya kuunga. Kila anayeangushwa anaitenganisha, ufa unatokea, kidole cha mguu kinaingia humo. Basi wanasimama, wanaisukuma kwa magoti, wanafunga plasta upya, wanaendelea.

Tazama na upande wa uzazi. Clarisse Agbegnenou wa Ufaransa, binti wa wazazi kutoka Togo, alijifungua Juni 2022. Mei 2023, Doha, akawa bingwa wa dunia kwa mara ya sita. Ana kipaji cha ajabu, sibishi, lakini alirudi mahali ambapo kocha, mikeka na wapinzani walikuwa wakimngoja. Wa kwetu akijifungua huwa tunamwambia pole na hongera kwa pamoja, na hapo safari yake imekwisha.

Nakuru inajua kulea wapiganaji. Philip Waruinge alipata shaba ya ndondi Mexico mwaka 1968, na fedha Munich mwaka 1972, na mpaka leo wazee wa Nakuru wakianza kumsimulia chai inapoa. Ukumbi ulikuwepo, makocha walikuwepo, na vijana waliona mtu wa mtaani kwao akitoka na kurudi na medali. Wasichana wa judo hawajaonyeshwa hilo.

Wengi wangeanza kwa kujenga ukumbi, maana ukumbi una utepe wa kukata. Mimi ningeanza na tiketi za ndege kwa wasichana watatu na kocha wao, miaka minne mfululizo, hata wakirudi mikono mitupu miaka miwili ya kwanza. Kaunti ikiita wananchi kutoa maoni ya bajeti, nendeni muulize michezo imetengewa ngapi, na ngapi kati ya hizo ni za kusafirisha wasichana.